Sukari Yote Hiyo Inafunika Nini Kwenye Chai?

Kwenye makundi ya WhatsApp haipiti wiki bila chai mpya: ya kupunguza tumbo, ya kusafisha damu, ya kushusha presha. Boksi dogo la vipakiti linauzwa ghali kuliko pakiti kubwa ya majani ya kawaida, na watu wananunua. Mimi nasema kabla hujatoa hela hiyo, chunguza kwanza unavyoipika chai uliyonayo kabatini. Wengi wetu tunaiunguza majani, halafu tunaificha kwa sukari, halafu tunatafuta chai nyingine ya kutibu madhara ya sukari.

Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zote zinatoka kwenye mti mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitofautisha ni kazi ya kiwandani. Jani likisagwa na kuachwa lipigwe hewa linageuka rangi na kuwa chai nyeusi. Likipitishwa mapema kwenye mvuke au joto kali linabaki kijani. Viwanda vingi vya kwetu, kuanzia Mufindi na Rungwe hadi Kericho, vinapitisha majani kati ya roli zenye meno zinazoyaponda, kuyachana na kuyaviringisha kuwa chembe ndogondogo. Chembe hizo zimetengenezwa makusudi zitoe rangi haraka. Dakika tatu au nne kwenye maji ya moto zinatosha kabisa.

Sisi tunazichemsha robo saa. Kuna nyumba chai haihesabiki kuwa imeiva mpaka iwe nyeusi tii, na hata moto ukizimwa majani yanaachwa humo humo kwenye sufuria "ikolee". Kinachokolea hapo ni tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Na dawa ya ukakasi kila mtu anaijua: vijiko vitatu vya sukari, vinne akiwa na njaa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita hivi vya chai. Mtu wa vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ameshavuka vijiko hivyo sita kwa chai peke yake, andazi na soda bado. Ndiyo maana naona ule ushauri wa "punguza sukari" unaotolewa kila mahali hauna huruma. Unamwambia mtu anywe kitu kichungu kwa adabu. Rekebisha upikaji kwanza, sukari itashuka bila ugomvi.

Kwa chai ya rangi, chemsha maji mapya mpaka yatokote kweli, zima moto, tia kijiko kimoja cha majani kwa vikombe viwili, funika, subiri dakika tatu hadi nne, chuja. Hapo kwenye kuchuja ndipo wengi wanapotegea. Chai ikienda kwenye chupa na majani yake, itakuwa chungu kabla ya saa nne asubuhi. Na kile kipakiti usikikamue kwa kijiko mpaka tone la mwisho. Unachokamua ni ukakasi. Viungo navyo vina mwendo wake: tangawizi na mdalasini vinataka muda mrefu motoni, majani hayataki. Basi vichemshe vyenyewe kwanza, majani yaje mwisho.

Dukani, usichague kwa rangi ya pakiti. Kwenye mnada wa Mombasa chembe kubwa huitwa BP1, ndogo zaidi PF1, na vumbi D1. Vumbi lina nguvu na linafaa kwa maziwa, kwa sababu protini za maziwa hushika tanini na kulainisha ukakasi. Kwa chai ya rangi mimi natafuta chembe kubwa zaidi. Halafu angalia pakiti imekaa wapi, maana chai hufyonza harufu, na maduka yetu hupenda kuiweka jirani na sabuni ya unga.

Chai ya kijani inaonewa zaidi ya zote. Watu wanaichemsha kama nyeusi, wanaimeza wakiwa wamefumba macho, wanasema ni dawa. Acha maji yapoe hadi nyuzi 75 au 80, loweka dakika mbili tu, utakuta ladha ya jani bichi isiyohitaji ujasiri. Zile za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Uzito unaopungua ni maji. Mchaichai na choya (rosela, ile inayosifiwa kushusha presha) nakunywa jioni kwa sababu ni vitamu na havina kafeini. Mwenye vidonge vya presha asiviache kwa ajili ya choya.

Ambalo halisemwi vya kutosha ni wakati wa kunywa. Chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mchicha. Sasa fikiria chapati maharage na kikombe cha chai ya rangi kila asubuhi, au mama mjamzito anayemezea chai vidonge vya kuongeza damu. Aipishe chai saa moja au mbili. Joto nalo: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, wakilenga ile ya umio. Kuna wazee wanaosifiwa kwa kunywa chai ikitoka motoni. Sifa hiyo naikataa.

Chai ya maziwa iko nje ya kesi hii ya kuchemsha. Hiyo ipikwe: tangawizi ichemke kwanza kwenye maji ili maziwa yasikatike, iliki ipondwe na maganda yake, maziwa yaingie sawa kwa sawa na maji, vumbi la majani mwishoni, iachwe ipande mara mbili, ichujwe. Sukari tu isitiwe kwenye sufuria. Ikae mezani, kila mgeni ajipimie.