Udongo wangu ulisema nini?

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Burhale, kijiji cha huko Walungu, Kivu Kusini, kwenye matanga ya baba wa rafiki yangu. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai, wanaume upande mmoja, tukingoja maiti itoke kanisani, mama mmoja akavuka uwanja akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Alinitazama usoni kwa muda. Kisha akasema, "Wewe ndiye yule mtoto wa shule aliyechukua udongo wangu."

Nilisimama nikampa mikono miwili. "Ndiyo, Mama. Ni mimi."

"Basi ulisema nini?"

Sikuelewa. Nikamuuliza nani alisema.

"Udongo, mwanangu. Mlisema mnaupeleka kwa wapimaji. Nimengoja. Ulisema nini?"

Katika Kiswahili chetu neno "ulisema" ni la udongo na ni la mtu pia. Nilisimama pale bila jibu kwa sababu maana zote mbili zilinihusu. Udongo ulikuwa umesema, na miaka miwili na nusu mimi nilikuwa sijasema neno.

Udongo wake nilikuwa nimeuandika W-17. Nakumbuka siku yenyewe. Tulishuka Mugogo siku ya soko, tukapanda pikipiki mbili, mimi na mwenzangu, na chuma cha kutobolea ardhi kimefungwa nyuma kwa raba. Katika kila shamba tulipita kwa kukata kona, tukitoboa mashimo kumi na tano ya sentimeta 20, tunamwaga udongo kwenye ndoo, tunauchanganya kwa mkono, tunagawa mara nne, tunabakiza robo moja, tunaitia kwenye mfuko wa plastiki. Mama huyu alitufuata shimo kwa shimo. Alikuwa amesimamisha kazi yake ya kupalilia maharagi. Alituletea mahindi ya kuchoma. Tulimuuliza maswali 62, maana ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi, akayajibu yote, hata lile la mapato ya mwaka ambalo mimi mwenyewe nisingelijibu.

Mashamba 40 kwa jumla. Udongo tuliukausha kivulini, tukauchekecha, ukafungwa kwenye katoni, ukavuka mpaka kwenda kupimwa maabara ya nje. Mimi sikuwahi kuvuka nao. Majibu yalirudi baada ya miezi saba, nikaandika tasnifu ya masta kwa Kifaransa, kurasa 94. Siku ya kuitetea jopo lilinisifu, picha zikapigwa, wazazi walikula bukari, yaani ugali, na samaki wa ziwani. Nakala moja iko maktaba, moja kwa profesa, moja nyumbani kwetu Kadutu, juu ya kabati. Burhale haikwenda hata moja.

Naandika haya nikijua siko peke yangu. Wenzangu wa kilimo na mazingira hapa Bukavu, wa vyuo vyetu, UCB, UEA, UOB na Mushweshwe, mnajua tunavyofanya. Tunapanda mlima na karatasi ya maswali, tunashuka na mfuko, hatupandi tena. Na sasa tumekuwa wengi. Zamani ulifanya gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, ukawa injenia agronomu, na waliosonga mbele zaidi walihesabika. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 nchi imeingia mfumo wa LMD, lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Maana yake kila anayetaka kukamilika katika fani hii anapita kwenye masta, na kila masta inataka data. Milima ya Kabare na Walungu iko karibu na mji, inafikika na kurudi kabla ya giza, kwa hiyo sote tunaparamia vijiji vilevile.

Upande wa mbuga ni hivyohivyo. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Watwa, wenyeji wa msitu ule, wakatolewa humo. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Kongo iliwavunjia haki zao. Kabla ya hapo na baada ya hapo, nani hajawauliza maswali? Nilimsindikiza rafiki yangu wa maliasili kwa mzee mmoja Mtwa upande wa Kabare. Hakusubiri karatasi ifunguliwe. Alisema, "Mnataka kujua kama tunachoma makaa, na tunapata mifuko mingapi kwa mwezi. Mwenzenu wa mwaka jana nilimwambia. Muulizeni yeye." Tuliona aibu, lakini tuliuliza, na yeye kwa utu wake akajibu.

Nimewaza sana tabia hii ilitoka wapi. Naona ni ya zamani kuliko sisi. INEAC, taasisi ya Wabelgiji ya utafiti wa kilimo, iliundwa mwaka 1933, na kituo chake cha Mulungu ndicho leo kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Lwiro, karibu na Katana, yale majengo mazuri ya mawe yenye maktaba yake, ni ya IRSAC, taasisi nyingine ya Wabelgiji, ya utafiti wa sayansi, iliyoanzishwa 1947. Udongo wa Kivu ulisomwa kwa bidii kubwa miaka ile, lakini ulisomwa kwa ajili ya kahawa, chai na kwinini. Aliyehitaji matokeo alikuwa bwana wa shamba kubwa, na bwana huyo alisoma Kifaransa. Mkulima wa maharagi alikuwa mfanyakazi wake tu. Njia ya elimu ilichimbwa kutoka shambani hadi maktabani, na kutoka maktabani hadi kwa mwenye shamba kubwa. Wenye mashamba makubwa wengi wameondoka. Njia imebaki, na sisi watoto wa hapahapa tunaipita vilevile.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana baada ya mazishi nilimwomba tukae. Tulikaa nyuma ya nyumba, karibu na bustani yake ya sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa na simu, na jedwali la matokeo limo ndani. W-17: pH 4.6, alumini nyingi, fosfori kidogo sana. Nilianza kumweleza nikakwama kwenye sentensi ya kwanza. Kwa Kifaransa ningesema kwa dakika tano bila kupumua. Kwa Kiswahili sikuwa na pa kuanzia.

Nikamwambia udongo wake umechacha, kama maziwa yaliyokaa mno. Hapo akatikisa kichwa, akaelewa. Nikamwambia chakula cha maharagi kinachoitwa fosfori kimo, ila kimetiwa ndani ya sanduku, na alumini na chuma cha ule udongo mwekundu ndiyo kufuli. Kadiri udongo unavyozidi kuchacha ndivyo kufuli linavyokaza. Ukiupunguzia uchachu, kwa chokaa au hata kwa majivu, kufuli linalegea kidogo.

"Majivu ya jikoni?"

"Hata ya jikoni, Mama."

Akaelekeza kidole kwenye sombe lake, lililokuwa la kijani kizito. "Haya naweka hapa kila siku. Niliona yanafaa, sikujua sababu." Halafu akasema jambo ambalo halimo katika kurasa zangu 94. Alisema shamba lile walijua tangu zamani kwamba ni kalongo, ndilo jina la Kishi la ule udongo mwekundu uliochoka. Wanaujua kwa macho. Pale kishona nguo hakioti. Palipo na kishona nguo kingi, mtu analima bila wasiwasi. Na alisema, tena bila kunilaumu, kwamba shamba lile si lake. Alikuwa amelikodi kwa msimu, kwa njia tunayoiita bwasa. Mwenye shamba alilichukua msimu uliofuata.

Hili la bwasa liliniumiza kuliko jedwali. Asiye wa Bushi, nchi ya Washi, aelewe: kwetu ardhi inashikwa kwa njia zaidi ya moja. Kuna kalinzi, ambayo familia ilitoa ng'ombe kwa mwenye mamlaka ya ardhi, ikabaki na shamba kizazi hadi kizazi. Na kuna bwasa, ya msimu au misimu michache, kwa malipo, na aliyekodi hupanda mazao ya muda mfupi tu. Hapandi mgomba. Hapandi mti. Mti ni dai la ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, lakini mlimani watu wanaishi kwa kalinzi na bwasa. Sasa mapendekezo yangu mbele ya jopo yalikuwa nini? Kupanda miti kwenye kingo kuzuia mmomonyoko. Kuweka chokaa, ambayo faida yake huenda misimu kadhaa. Yote mawili ni ushauri kwa mwenye shamba. Nilimpa ushauri huo mtu wa bwasa, tena nilimpa kwa Kifaransa na yeye hayupo. Katika yale maswali 62 hakukuwa na lolote la kumuuliza shamba ni la nani. Kama ningerudi Burhale kabla ya kutetea, angeniambia kwa dakika moja, na tasnifu yangu ingekuwa kazi nyingine, iliyo bora.

Hapo ndipo ninaposimama. Watu husema kurudisha matokeo ni adabu, ni shukrani kwa mkulima. Mimi nasema ni sehemu ya utafiti wenyewe. Matokeo ambayo hayajarudi shambani hayajakaguliwa.

Ushahidi tunao. Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, ukashuka mpaka kwetu. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa manjano, na anayelisha watoto kwa ndizi na kasiksi, pombe ya ndizi, amekwisha. Ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa shina zima, mama na machipukizi yake yote. Wakulima walikataa. Kung'oa shina zima ni kazi ya kuvunja mgongo, na shamba linabaki tupu. Wengine waliwaita wakaidi. Watafiti waliorudi wakasikiliza ule ukaidi walichunguza tena, wakakuta bakteria haiingii katika kila chipukizi la shina moja. Inatosha kukata mgomba ulioonyesha ugonjwa, chini kabisa usawa wa ardhi, kupitisha kisu kwenye moto, na kuvunja lile ua la dume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasibebe ugonjwa. Ukiendelea bila kuchoka, ugonjwa unapungua na shamba linabaki na migomba. Njia hiyo ilijaribiwa hapa mashariki mwa Kongo. Ilizaliwa kwa sababu mkulima alisema hapana na kuna mtu alirudi kuisikia hapana yake.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja, na nalisema kwa walimu wangu kwa heshima yote. Mwanafunzi wa masta au wa udaktari asipewe tarehe ya kutetea mpaka awe amerudi siku moja kule alikochukua data, na kueleza alichokipata kwa Kiswahili, kwa Kishi, kwa Kihavu, kwa Kirega, kwa lugha ya pale. Kila mwenye shamba apewe karatasi yake. Na katika jopo akae mkulima mmoja, na aulize swali kwa lugha yake, na mwanafunzi ajibu kwa lugha hiyo. Naamini litakuwa swali gumu kuliko yote ya siku ile. Anayeshindwa kueleza kufuli la fosfori kwa mtu anayelima juu yake, bado fosfori hajaijua. Mimi sikuijua, nami nilipewa alama nzuri.

Mwalimu mmoja ninayempenda aliniambia masta si kazi ya monitere, yaani afisa ugani wa kijijini. Namjibu kwamba monitere wa kilimo yupo mlimani, wengine hawana hata pikipiki, na hawezi kueleza kitu ambacho hakuna aliyemkabidhi. Wengine watasema hela. Ni kweli, na tangu benki za mji zifunge milango kwa ajili ya vita Februari 2025 hata aliyepata ufadhili anahangaika kuugusa. Lakini wafadhili wanalipia kwenda, wanalipia maabara, wanadai makala kwenye jarida. Waweke na nauli ya kurudi, ni siku moja ya pikipiki. La usalama sina jibu jepesi. Kuna vijiji ambavyo leo huwezi kufika, na sitamwambia mtoto wa mtu ahatarishe maisha yake kwa ajili ya karatasi. Pale inapoingilika, tuingie.

Mimi nimeanza. Kila shamba nimeliandikia karatasi moja ya Kiswahili: uchachu wake, fosfori yake, kinachowezekana kwa mwenye kalinzi na kinachowezekana kwa mtu wa bwasa: majivu, samadi, ule mmea wa maua ya manjano unaojaa kando ya njia zetu, tithonia, unaokatwa na kufukiwa ukiwa mbichi. Mpaka sasa nimefikisha karatasi 23. Watu wawili nimewakuta wamekufa, nikaziacha kwa wakwe zao. Yule mama alichukua yake, akaikunja mara nne akaiweka ndani ya kitambaa, kisha akaniuliza karatasi ya W-18 iko wapi, kwa sababu ni shamba la jirani yake na yeye mwenyewe ndiye anayelilima sasa.

Jumamosi hii, barabara ikiwa wazi, naenda Burhale na ya W-18.