Alama ileile, maradhi tofauti: vipimo vya nyurosaikolojia kwa vijana wenye magonjwa adimu ya ubongo

Tuseme mtoto alipimwa akiwa na miaka 9, akapata alama sanifu (alama inayomlinganisha na watoto wa umri wake) 68. Amepimwa tena akiwa na miaka 13, amepata 55. Ripoti inaandika "uwezo umeshuka", na wazazi wanaanza kuulizia ugonjwa unaokula ubongo. Ukifungua karatasi za majibu unakuta jambo jingine: katika jaribio moja baada ya jingine majibu sahihi yameongezeka. La msamiati, kwa mfano, limetoka 15 hadi 21. Hakuna alichopoteza. Wenzake wamekimbia, yeye ametembea.

Mwenendo huo unafahamika sana kwa watoto waliotibiwa uvimbe wa ubongo uitwao medulloblastoma kwa mionzi ya kichwa na uti wa mgongo. Wanaendelea kujifunza, ila kwa kasi ndogo kuliko rika, hivyo alama sanifu inateremka mwaka hadi mwaka. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Sanfilippo au wa Batten, magonjwa ya kurithi yanayoharibu ubongo polepole, mteremko uleule wa alama sanifu una maana tofauti kabisa: alama ghafi, yaani hesabu ya majibu sahihi, nazo zinapungua, maneno aliyokuwa nayo yanapotea. Grafu ni moja, maradhi mawili. Hapo ndipo mvutano wa wataalamu unapoanzia: je, kijana mwenye ugonjwa adimu wa ubongo apimwe kwa kipimo cha watoto wote, au kwa kipimo kilichoundwa kwa ajili ya hali yake?

Ulaya huita ugonjwa adimu ule usiozidi watu 5 kati ya 10,000. Ugonjwa wa tuberous sclerosis humpata takribani mtoto 1 kati ya 6,000 wanaozaliwa, na sindromu ya Rett msichana 1 kati ya 10,000 hivi. Vipimo vinavyotumika zaidi havikujengwa kwa watoto hawa. WISC-V, seti ya majaribio ya akili iliyotoka mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 6 hadi 16, ilisanifishwa Marekani kwa watoto 2,200 waliochaguliwa kuwakilisha umma mzima. Wastani wake ni 100, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) 15, na alama ya jumla haishuki chini ya 40.

Wanaotetea kipimo cha wote wana hoja nzito, nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Ya kwanza ni kwamba magonjwa mengine hujificha nyuma ya akili ya kawaida. Mwaka 1997 mtafiti Faraneh Vargha-Khadem na wenzake walieleza vijana watatu waliokuwa wameumia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, pande zote mbili mapema maishani. Walisoma shule za kawaida, walizungumza vizuri, waliandika, walijua mambo ya dunia. Lakini hawakuweza kukumbuka walichofanya siku ileile, wala miadi, wala njia. Upungufu wa namna hiyo huonekana vizuri pale mpimaji anapomsomea kijana hadithi fupi, anamwomba airudie papo hapo, kisha anamwomba tena baada ya nusu saa, na kulinganisha matokeo na ya rika lake. Bila rika hilo, kijana kama huyo ataitwa mvivu au msahaulifu tu.

Hoja ya pili inamhusu mpimaji mwenyewe. Ukikaa miaka mingi na watoto wa sindromu moja, jicho lako linahama. Unaandika "anafanya vizuri" ukimaanisha vizuri kuliko wagonjwa wenzake, ilhali mwalimu ana darasa la watoto wasio na ugonjwa huo na anataka kujua mtoto huyu ataachwa wapi. Alama sanifu inamzuia mtaalamu asipotoshwe na huruma yake. Tena muda wa ziada wa mtihani, msaidizi darasani na uamuzi wa kupasua au kutopasua ubongo wenye kifafa sugu, yote hayo huhitaji lugha ambayo mtu wa nje ya kliniki anaweza kuikagua.

Upande wa pili huanza na sakafu, yaani alama ya chini kabisa ambayo kipimo kinaweza kutoa. Kipimo kisichoshuka chini ya 40 ni mizani inayoanza kuonyesha uzito kwenye kilo 40: vijana watano tofauti wanapanda, wote wanasomeka sawa. Mmoja anaweza kufuata maagizo ya hatua mbili, mwingine hatambui jina lake, na karatasi inawapa namba moja. Watafiti wa sindromu ya Fragile X, hali ya kurithi inayoathiri akili, walionyesha mwaka 2009 kwamba ukirudi kwenye alama ghafi na kukokotoa upya umbali wa kila mtoto kutoka wastani wa umri wake, tofauti zilizokuwa zimezikwa sakafuni hujitokeza, na alama hizo mpya huendana vizuri zaidi na stadi za maisha ya kila siku. Taarifa ilikuwapo tangu mwanzo. Jedwali la kugeuza alama ghafi kuwa alama sanifu ndilo lililoikata.

Kisha kuna mzigo usiohusiana na kinachopimwa. Majaribio ya kasi ya kuchakata taarifa hutaka penseli na mkono mwepesi. Kijana aliyepooza upande mmoja atapata alama ya chini hata kama akili yake ni ya haraka. Aliyeondolewa au kutenganishwa nusu moja ya ubongo, kwa sababu ya ugonjwa wa Rasmussen kwa mfano, ambao huharibu upande mmoja wa ubongo, hupoteza uwanja wa kuona wa upande mmoja, kulia au kushoto, katika macho yote mawili. Ukimwekea majibu matano kwa mstari mlalo, ya mwisho upande huo hayapo kwake. Atachagua kati ya matatu, na mpimaji asiyeangalia macho yake ataandika "udhaifu wa kufikiri kwa picha". Msichana wa Rett asiye na usemi wala matumizi ya mikono hawezi kujibu karibu chochote katika seti ya kawaida. Kwa kufuatilia macho yake kwenye skrini, na kumpa sekunde za kutosha, huonekana anaelewa zaidi ya alichoweza kuonyesha.

Na kifafa. Katika sindromu ambazo umeme wa ubongo hulipuka usiku kucha usingizini, mtoto huja asubuhi akiwa hajapumzika ingawa amelala kwa muda wa saa kumi. Milipuko mifupi ya mchana isiyo na degedege nayo humkatiza kwa sekunde chache tu: anakodoa, swali linapita, anajibu "sijui". Dawa zina sehemu yake, topiramate hasa, ambayo inajulikana kupunguza wepesi wa kupata maneno. Bila kuandika dawa, dozi, saa iliyomezwa na tarehe ya degedege la mwisho, alama haina maana. Aliyepewa dawa ya dharura ya kuzima degedege usiku uliopita asipimwe siku hiyo, hata kama familia imesafiri mbali. Kuwarudisha nyumbani ni jambo gumu, lakini alama mbovu itakaa kwenye faili lake miaka kumi.

Je, kipimo kirekebishwe basi? Hapa pande zote mbili hukosea kwa kuyaweka marekebisho yote kapu moja. Kukuza picha, kupanga majibu wima badala ya mlalo, kugawa kazi katika vikao viwili au vitatu vya dakika 45: hayo kwa kawaida hayagusi uwezo unaopimwa, na yatajwe tu kwenye ripoti. Kuondoa kikomo cha muda, kumpa mtoto majibu ya kuchagua pale anapotakiwa kujieleza, au kurudia tarakimu mara ya pili ni jambo jingine. Ukifanya hivyo, jedwali la rika halikuhusu tena, na kuandika alama sanifu ni kudanganya.

Njia ninayoiona salama ni kupima kwa kanuni kwanza, kufunga alama, ndipo kurudi kwenye maswali aliyoshindwa na kujaribu mipaka: muda zaidi, kidokezo, majibu ya kuchagua. Usifanye hivyo katikati ya jaribio, kwa kuwa kidokezo cha swali la 8 humfundisha la 9. Na kumbuka gharama yake. Ukimwonyesha leo jinsi ya kutatua, umeharibu sehemu ya kipimo cha mwakani, basi andika maswali uliyorudia, au tumia toleo sambamba (lenye maswali mengine ya ugumu uleule) pale lilipo.

Wengine humkimbilia mtoto mkubwa na kipimo cha watoto wachanga. Bayley-4 huishia miezi 42, lakini hutumiwa kwa vijana wenye ulemavu mzito kwa sababu angalau ina maswali wanayoweza kuyajibu. Kama kazi ya kufuatilia mabadiliko, sina ugomvi nayo. Ugomvi ni sentensi inayofuata: "ana akili ya mtoto wa miaka 3". Kijana wa miaka 15 ana miaka 12 zaidi ya uzoefu, mwili wa balehe, aibu, na watu anaowapenda na kuwachukia. Zaidi ya hapo, hatua kutoka mwezi 12 hadi 18 si sawa na kutoka 36 hadi 42, kwa hiyo kutoa umri mmoja kutoka mwingine ni hesabu isiyo na msingi. Matoleo mapya ya baadhi ya vipimo hutoa alama za ukuaji, ambazo hatua zake zimesawazishwa kitakwimu na hazitegemei rika. Ndizo zitumike kuuliza "ameendelea?"

Vipimo vya ugonjwa mmoja vina mvuto wake. Kwa aina ya Batten iitwayo CLN2, dawa cerliponase alfa iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 baada ya utafiti uliotumia mizani ya kutembea na kusema, kila kimoja kutoka 0 hadi 3. Ni rahisi, na inapima kile familia inachokiona kikiondoka. Lakini ngazi zake ni ndefu: mtoto anaweza kudhoofika sana kabla ya kupoteza pointi moja, na mwalimu hawezi kupanga somo kwa 4 kati ya 6. Tatizo kubwa zaidi ni uchache wa watu. Jedwali la kulinganisha lililojengwa kwa wagonjwa 40, likigawanywa katika makundi matano ya umri, linabaki na watu 8 kwa kundi. Mtu mmoja asiye wa kawaida anahamisha wastani. Kumwambia mzazi "mwanao yuko juu ya wenzake wa ugonjwa huu" kwa ushahidi huo ni kumtia moyo kwa deni.

Kuna kosa ambalo hakuna upande unaolikwepa, nalo ni kusoma tofauti ndogo kama habari. Kipimo chenye uthabiti (kiwango cha kutoa jibu lilelile kikirudiwa) wa 0.90 kina kosa la kupimia la karibu pointi 4.7. Tofauti kati ya vipimo viwili hubeba makosa mawili, hivyo inahitajika kufika pointi 13 hivi kabla ya kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba mabadiliko si bahati. Hapo hatujatoa faida ya mazoezi kwa aliyewahi kuuona mtihani. Kijana aliyepanda pointi 5 miezi sita baada ya upasuaji hajapona kwa sababu hiyo, wala aliyeshuka 6 hajaharibiwa.

Kuhama kipimo kunaleta mshangao mbaya zaidi. Kijana akiingia utu uzima huvuka kutoka WISC kwenda WAIS, ndugu yake wa watu wazima, na utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta vijana wa miaka 16 wa elimu maalumu wakipata zaidi ya pointi 10 juu kwenye WAIS-III kuliko kwenye WISC-IV. Pointi kumi zinatosha kumwondolea mtu huduma za watu wazima wenye ulemavu wa akili. Matoleo yamebadilika tangu wakati huo, ila somo la kutosoma namba mbili za vipimo tofauti kana kwamba ni mstari mmoja halijabadilika.

Msimamo wangu ni kwamba kipimo cha wote kibaki, lakini kishushwe cheo. Kinajibu swali la "akilinganishwa na nani?", na swali hilo mara nyingi si lile lililomleta mtoto. Jedwali la ripoti liwe na alama ghafi, alama sanifu yenye ukingo wake wa makosa, na alama ya ukuaji pale ilipo, safu kwa safu, ili atakayepima baada ya miaka mitatu aone kama kijana amepoteza au ameachwa. Alama ya jumla iachwe pale fahirisi (alama za maeneo mbalimbali ya uwezo) zinapopishana sana: lugha 95 na kasi 58 havizai 75 yenye maana yoyote. Ripoti itaje pia swali la ngapi alipokodoa macho. Na mahojiano na mlezi kuhusu kula, kuvaa, kusafiri na kushika pesa, kwa kipimo kama Vineland-3, yasiwe kiambatisho cha mwisho kinachojazwa kwa haraka. Kwa vijana waliogota sakafuni ndiyo taarifa bora iliyopo.

Lipo kundi ambalo singelikalisha mezani kabisa: vijana ambao ugonjwa umeshawachukua mbali, wanaochoka kwa dakika kumi na wanaojua kwamba wanashindwa. Kwao uchunguzi wa saa moja wakiwa na watu wao na mahojiano na mlezi yanatosha. Fomu ya huduma ikidai namba, iandikwe "chini ya 40" pamoja na sababu ya kutopimwa zaidi, wala mtaalamu asikubali kushawishiwa kukadiria 32.