Mahojiano ya chanzo cha kifo: yanajibu swali gani, na wapi yanapotosha

Watu wengi wa Afrika Mashariki hufia nyumbani na kuzikwa bila daktari kuandika chochote. Kwa hiyo nchi inayotaka kujua watu wake wanakufa kwa nini hulazimika kuwauliza wafiwa. Msaili aliyepewa mafunzo, ambaye si lazima awe tabibu, huenda kwenye kaya baada ya msiba akiwa na dodoso kwenye simu au tableti na kuuliza dalili moja baada ya nyingine. Majibu husomwa na madaktari au programu ya kompyuta, na chanzo cha kifo hukadiriwa. Ifakara, Rufiji, Magu, Kilifi na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi wamefanya hivyo kwa miaka mingi ndani ya maeneo yao ya ufuatiliaji wa watu, ambako vizazi, vifo na uhamaji wa kila kaya huandikwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa dodoso sanifu mwaka 2007, kisha likalifanyia marekebisho mara kadhaa, ya karibuni yakiwa ya 2022.

Ubishi kuhusu njia hii haujaisha. Sehemu kubwa ya ubishi huo inatokana na pande mbili kujibu maswali tofauti zikidhani ni swali moja.

Watetezi wana hoja nzito. Katika miaka ya 1990 mradi wa afya wa TEHIP nchini Tanzania ulifanya kazi na halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini. Takwimu za vyanzo vya vifo zilizotokana na mahojiano ziliwekwa sambamba na bajeti ya afya ya wilaya. Huko Morogoro ilionekana kwamba malaria inachukua karibu 30% ya miaka ya uhai inayopotea kwa vifo vya mapema, wakati bajeti ya 1996 iliitengea takriban 5%. Halmashauri zilipanga upya fedha zao, na ndani ya miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vikashuka kwa zaidi ya 40%. Si haki kuipa karatasi ya takwimu sifa yote, kwa sababu kulikuwa pia na vyandarua, mafunzo kwa wahudumu wa zahanati na fedha za nyongeza. Lakini jiulize: kama makadirio yale yangekuwa yamekosea kwa nusu nzima, malaria ikawa 15% badala ya 30%, je, uamuzi ungebadilika? Usingebadilika. Swali lilikuwa "kipi ni kikubwa na hatukigharimii?", na swali la namna hiyo huvumilia makosa mengi.

Wapinzani wana mfano wao, na unatoka India. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa wa vifo nchini humo, ambako madaktari wawili walisoma kila dodoso bila mmoja kuona jibu la mwenzake. Makadirio yalikuwa vifo 205,000 vya malaria kwa mwaka kwa watu walio chini ya miaka 70. WHO ilikuwa ikikadiria takriban 15,000. WHO ilipinga, ikisema homa ni dalili ya magonjwa mengi na mahojiano hayawezi kuyatenganisha. Watafiti nao walijibu kwamba wengi wa marehemu hao walifia vijijini, nje ya kituo chochote cha afya, mahali ambapo takwimu za vituo haziwezi kuwaona. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa sahihi kuhusu udhaifu wa mwenzake. Hesabu ya vituo ilikuwa ndogo mno, na hesabu ya mahojiano ilibeba kosa ambalo hakuna aliyeweza kulipima.

Kosa hilo huzaliwa ndani ya kikao chenyewe. Kwanza ni muda. Kwenda mapema ni kuwaumiza wafiwa, na kwa kaya za Kiislamu mjane anaweza kuwa bado ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Kuchelewa kupita mwaka ni kupoteza kumbukumbu ya mpangilio wa dalili, kwa mfano kama kikohozi kilitangulia homa au homa ilitangulia kikohozi. Pili ni nani anayejibu. Mkuu wa kaya hujitokeza kwa heshima ya mgeni, ilhali aliyelala na mgonjwa, akambeba na kumnywesha uji, ni bibi au shangazi aliyeko jikoni. Msaili mzuri huuliza kwanza, "Nani alimuuguza?" na humsubiri huyo.

Tatu ni mtego wa dodoso lenyewe. Jibu la "hapana" kwenye homa huruka maswali yote yanayofuata: ilidumu siku ngapi, ilikuwa kali kiasi gani, ilikuja na kupoa au ilikaa moja kwa moja. Baada ya wiki chache kazini, msaili mchovu anajua kwamba "hapana" humfikisha nyumbani mapema. Msimamizi anayeangalia idadi ya madodoso tu hataliona hilo. Anapaswa kulinganisha wasaili kwa wasaili: wastani wa dakika kwa dodoso, asilimia ya "sijui", na asilimia ya "ndiyo" kwa homa, kikohozi na kuhara. Anayetofautiana sana na wenzake katika kata zilezile ndiye anayefuatwa, na baadhi ya kaya zake zinarudiwa.

Kwa wachanga kuna mpaka mwembamba zaidi. Maswali ni matatu: mtoto alilia? Alipumua? Alitikisika hata kidogo? Mtoto aliyepumua dakika mbili kisha akanyamaza akiandikwa kwamba alizaliwa mfu, vifo vya wachanga vinapungua kwenye ripoti bila mchanga hata mmoja kuokolewa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda hakumwona mtoto kabisa, naye hurudia alichoambiwa na wauguzi.

Sasa chukua maelezo huru, yaani simulizi ya mfiwa kwa maneno yake mwenyewe, kama yale yanayoandikwa kwenye dodoso. Huu ni mfano wa kutungwa, lakini umbo lake ni la kawaida: "Alianza Jumatatu, mwili wa moto, akakataa kunyonya. Jumanne tukampeleka zahanati, wakampima wakasema malaria, wakatupa dawa mseto. Alhamisi akawa anahema haraka, mbavu zinaingia ndani. Usiku akapata degedege, alfajiri akafariki." Daktari mmoja atasema malaria, kwa kuwa kuna kipimo na degedege. Mwingine atasema kichomi, kwa kuwa kuna kuhema na mbavu kuingia. Wa tatu atataka kujua kama utosi ulivimba au shingo ilikakamaa, kwa sababu uwezekano wa homa ya uti wa mgongo haujaondolewa. Kipimo cha haraka (mRDT) hakimalizi ubishi: pale malaria ilipo nyingi, watoto wengi wazima hutembea na vimelea, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na vimelea na akafa kwa kichomi.

Kilifi walilipima hili mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalilinganisha mahojiano na uchunguzi wa hospitali kwa watoto waliofariki. Kwa surua, pepopunda ya wachanga, utapiamlo na majeraha, mahojiano yalinasa zaidi ya robo tatu ya vifo husika. Kwa malaria, upungufu wa damu, magonjwa ya njia ya hewa, kuhara na uti wa mgongo, yalinasa chini ya nusu. Yaani njia hii ina nguvu pale ambapo ugonjwa una sura yake ya pekee, na ni dhaifu kwenye magonjwa yanayojificha nyuma ya homa.

Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Tuseme kuna vifo 1,000 vya watoto, na 200 kati yake ni vya malaria kweli. Mahojiano yananasa nusu ya vifo vya malaria, na yanawasingizia malaria 10% ya waliokufa kwa sababu nyingine. Yatahesabu 100 walionaswa na 80 waliosingiziwa, jumla 180. Ripoti itasema 18%, ukweli ni 20%, na kila mtu ataridhika. Makosa mawili yamefidiana.

Kisha vyandarua na dawa mseto vinafanya kazi yake, na malaria inashuka hadi vifo 80 kati ya 1,000. Mahojiano yatahesabu 40 walionaswa na 92 waliosingiziwa, jumla 132. Ukweli ni kwamba malaria imepungua kwa 60%. Ripoti itasema imepungua kwa takriban 27%, na mtu atasimama kwenye kikao kuuliza vyandarua vilisaidia nini. Malaria ikiisha kabisa, ripoti bado itaonyesha 10%. Hapa ndipo maswali mawili yanapoachana. "Kipi ni kikubwa?" limejibiwa vizuri. "Kimebadilika kiasi gani?" limejibiwa vibaya, na kwa upande unaoficha mafanikio.

Kuna fomula ya kusahihisha: chukua kiwango kilichoonekana, toa kiwango cha kusingizia, gawa kwa tofauti kati ya kiwango cha kunasa na kiwango cha kusingizia. Kwa mfano wetu ni 0.132 kutoa 0.10, gawa kwa 0.40, unapata 0.08, ambayo ndiyo kweli yenyewe. Ni rahisi mno, na hapo wengi hujikwaa. Kama kiwango cha kusingizia ulichokopa kwenye utafiti wa watu wengine ni 12% badala ya 10%, jibu linakuwa takriban 3%. Kikiwa 8%, jibu linakuwa zaidi ya 12%. Pointi mbili za kukosea zinakuhamisha kutoka ugonjwa unaoelekea kutoweka hadi tatizo la kudumu. Na ili ukijue kiwango hicho kwa kosa lisilozidi pointi mbili kwenda juu au chini, unahitaji vifo kama 860 ambavyo una hakika si vya malaria.

"Hakika" hiyo inatoka wapi? Hazina kubwa inayotumiwa kupimia programu, ya muungano wa watafiti uitwao PHMRC, ina mahojiano 12,542 kutoka India, Ufilipino, Mexico, Dar es Salaam na Pemba, yote ya vifo vyenye uthibitisho wa hospitali. Lakini mtu aliyefia hospitali si sawa na aliyefia nyumbani: familia yake imesikia jina la ugonjwa kutoka kwa daktari, na jibu hilo huvuja ndani ya dodoso. Programu iliyofunzwa kwa vifo hivyo itang'ara kwenye majaribio na kupwaya kijijini. Hospitali nazo hukosea. Utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokuwa na vimelea kwenye hadubini ni 46%. Mwaka huohuo matokeo ya Blantyre, Malawi, yalionyesha kwamba kati ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikutwa na chanzo kingine maiti zilipopasuliwa.

Suala la daktari au kompyuta, ambalo hujaza makongamano, mimi naliona la pili kwa uzito. Madaktari wanasoma maelezo huru na kupata yale ambayo visanduku vya ndiyo na hapana vinayakosa, lakini wanatolewa wodini na kila mmoja ana mazoea yake. Programu kama InterVA na InSilicoVA ni za bure na zinatoa jibu lilelile kila mara. Jibu lilelile si lazima liwe sahihi. InterVA, kwa mfano, humtaka mtumiaji aieleze kama malaria na VVU katika eneo ni vya kiwango cha juu, cha chini au cha chini sana, kisha hutumia jibu hilo kupima uwezekano. Ukiiambia malaria iko juu, itaipata zaidi. Ripoti isiyotaja mpangilio huo haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Kilicho kipya na chenye thamani ni kuunganisha mahojiano na sampuli ndogo ya vifo vilivyochunguzwa kwa sindano. Mtandao wa CHAMPS, wenye vituo Siaya na Kisumu pamoja na nchi nyingine za Afrika na Asia ya Kusini, huchukua vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo, pamoja na damu na maji ya uti wa mgongo, kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kifo, kisha jopo la wataalamu huamua. Matokeo yake hutumika kukadiria jinsi programu inavyochanganya chanzo kimoja na kingine, na takwimu za mahojiano zinasahihishwa pamoja na ukubwa wa shaka. Mbinu hiyo imeshatumika kwa takwimu za kitaifa za Msumbiji.

Pingamizi lipo, na si dogo. Kuomba ridhaa ya kumchoma sindano mtoto aliyefariki saa chache zilizopita, wakati kaburi linachimbwa, ni jambo ambalo kaya nyingi zitakataa kwa haki yao. Pwani, ambako maziko hufanyika siku hiyohiyo, nafasi ni finyu zaidi. Wanaokubali wengi ni waliofiwa hospitalini, kwa hiyo upendeleo uleule unarudi kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo sampuli yenye upendeleo unaojulikana ni bora kuliko kiwango cha kusingizia kilichokopwa kimyakimya kutoka bara lingine. Kama fedha zinatosha kwa mahojiano 10,000, ningepunguza hadi 7,000 na kupeleka salio kwenye uthibitisho.

Wilaya isiyo na uwezo huo bado ina la kufanya. Ihifadhi majibu ghafi ya kila dodoso, si chanzo kilichotolewa tu. Iandike toleo la dodoso, toleo la programu na mpangilio wa malaria na VVU uliotumika. Toleo jipya likija, iyapitishe madodoso ya miaka yote upya kabla ya kuchora mstari wa mwenendo, vinginevyo mstari utapinda siku programu ilipobadilishwa. Na matokeo ya dodoso moja yasiandikwe kwenye cheti cha kifo kana kwamba ni utambuzi wa daktari. Njia inayonasa nusu ya vifo vya malaria inaweza kuipa halmashauri picha ya kata nzima, lakini haiwezi kumwambia mama fulani mtoto wake alikufa kwa nini.