Uzunguni Wamehama Wenyewe, Mpaka Umebaki

Likizuka suala la ubaguzi wa rangi hapa kwetu Tanzania, hakosekani wa kusema hayo ni ya Marekani na Afrika Kusini, sisi Mwalimu alishayamaliza. Nusu ya kauli hiyo naikubali. Oktoba 1961 wapo wabunge waliotaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi, na Nyerere akasimama kidete kukataa. Baada ya uhuru shule zikafunguliwa kwa wote. Ile iliyojengwa Iringa kwa ajili ya watoto wa Kizungu leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na yeyote mwenye sifa anasoma.

Nusu ya pili siikubali. Hapa Iringa mjini, panda bodaboda kutoka Makorongoni hadi Gangilonga uone. Huku nyumba zimebanana, maji ya mvua yanajitafutia njia. Kule viwanja vipana, miti mikubwa, kwenye kiwanja kimoja zingeenea nyumba tano za wenzao wa bondeni. Miji yetu mkoloni aliipanga kwa rangi: Mzungu penye upepo, Mhindi penye maduka, Mwafrika panapobaki. Mzungu kaondoka, kaingia mkubwa wa serikali, na mtu akipata cheo tunamuuliza atahamia lini. Sisi wenyewe tumeulinda mpaka ule.

Na maduka? Pale Uhindini, Mbeya, utasikia vijana wakilalamika kwamba Wahindi "wameshika kila kitu". Wachache wanajua kwamba tangu 1923 sheria ya mkoloni ilifanya deni la Mwafrika lisidaike mahakamani bila kibali cha ofisa. Nani angemkopesha mtu wa hivyo mtaji? Wala tusijisahau: mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, sheria haikutaja rangi, lakini wengi walionyang'anywa walikuwa Waasia, na baadhi yao walikuwa raia kama mimi na wewe. Hilo nalo ni jeraha, hata kama hatupendi kulisema.

Ila kinachoniuma zaidi ni vibarua. Nyanda za Juu Kusini zilifanywa ghala la watu. Walowezi walipewa ardhi Mufindi na Iringa, wakalima chai na tumbaku. Mwafrika akadaiwa kodi ya kichwa, tena kwa fedha taslimu, na Njombe au Makete reli ilikuwa mbali, zao la kuuza hakuna. Wabena na Wakinga wakaenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda hadi ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU (Sisal Labour Bureau). Aliyebaki nyumbani na shamba, watoto na wazee ni mama.

Sasa niambie, kwa nini leo familia ya Dar es Salaam ikitaka dada wa kazi inasema "nitafutie wa Iringa"? Wanasema wa huku wanajituma, hawana makuu. Sifa hizo hizo ndizo mwenye shamba la mkonge alizitafuta kwa manamba. Nitaambiwa binti anakwenda kwa hiari yake, kwao maisha magumu. Sawa, lakini ugumu huo una historia, na njia ya kutokea huku kwenda kutumika ilichongwa kabla bibi yake hajazaliwa. Zaidi ya miaka 60 ya uhuru tumejenga barabara ya lami juu ya njia hiyo hiyo, halafu tunashangaa mabasi yamejaa mabinti wa darasa la saba.

Mimi ndugu wa mjini hunipigia hasa mavuno yakiisha: "Kaka, tuangalizie binti huko." Siku hizi nauliza kwanza mshahara ni shilingi ngapi, mkataba upo, na Jumapili atapumzika? Wengi husema watanipigia tena.