Jiwe lisilolia

Fundi alinitajia bei ya kupanga mawe ya Tanga pale nyuma ya jiko, nikamwambia poa nitakucheki, moyoni najisemea bei gani hii jamani, mawe si unalaza tu chini? Nikanunua mwiko, pimamaji na nyundo ya mpira, Jumamosi asubuhi nikaingia kazini na pensi yangu.

Sasa haya mawe asikudanganye mtu. Moja lina unene wa sentimita mbili, mwenzake tano, kuyalinganisha ni nyanyua shusha nyanyua shusha mpaka kiuno kinaomba poo. Nikaona ya nini kutandaza mota jiwe zima, nikawa naweka matonge matano tu, kona nne na katikati, jiwe juu, gonga gonga, tunasonga. Saa kumi nikafika kwenye mfuniko wa shimo la choo. Ule mfuniko ulikuwa unaniharibia kibaraza, nikaufunika na wenyewe, ila pale kwa kuogopa harufu nikashindilia mota ya uhakika, halafu nikachora alama ya chaki juu ya jiwe nisije nikasahau. Chaki. Nje. Mwezi wa tatu, masika inaanza.

Mwezi wa saba choo kikajaa, na mama mkwe yuko kwetu, wallahi siongezi chumvi. Gari la majitaka likaja, dereva kashuka na bomba lake, "Bosi, mfuniko uko wapi?" Nikanyoosha kidole, kidole kikawa kinazunguka chenyewe.

Nikajifanya mjanja, nigonge jiwe moja moja, lenye shimo chini si litalia ko ko. La kwanza, ko. La pili, ko. Yote ko! Kumbe matonge yangu yale, kila jiwe limeacha uwazi chini panya anaweza kupangisha. Nikang'oa la kwanza, mchanga. La pili, mchanga. La tano likapasuka vipande vitatu. Dereva kaletewa chai, anakunywa huku anaangalia saa. Mama mkwe dirishani kimya, na ule ukimya niliusikia vizuri kuliko mawe.

Ndo mzee wa jirani akachungulia ukutani. "Mwanangu, linalolia la nini? Tafuta lisilolia."

Nikaanza upya, ko, ko, ko... ti. Ti! Chini ya kamba ya nguo. Na hilo sasa likagoma, maana mota yote niliyowanyima wenzake nililipa lenyewe, mpaka tukaazima mtaimbo na vijana wawili wa gari wakavua mashati, likatoka na kona ya mfuniko.

Dereva anakunja bomba akaniuliza, bosi hapa alijenga fundi gani, nataka kutengeneza kwangu nisije nikamwita kwa bahati mbaya. Nikamwambia huyo alishahama.