Kifaa cha nyumbani kikisema huna apnia

Anayekatika pumzi usingizini hajioni. Anayeona ni yule anayelala kando yake: mkoromo unapanda, unanyamaza ghafla, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, kisha mtu anashtuka kama aliyepaliwa na kuanza kukoroma upya. Misuli ya koo imelegea na njia ya hewa imeziba: hiyo ndiyo apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, daktari anahesabu tukio moja. Pumzi iliyofifia sana nayo huhesabiwa.

Matukio 5 hadi 14 kwa saa huitwa apnia hafifu, 15 hadi 29 ya wastani, 30 na kuendelea kali. Ubishi uko katika mahali pa kuhesabia. Maabara ya usingizi hufuatilia ubongo, macho, misuli, moyo, pumzi na oksijeni usiku kucha, ila ni ghali, na kulala huku umebandikwa nyaya mwili mzima si jambo jepesi. Kifaa cha nyumbani, kinachopima pumzi usiku, humfuata mgonjwa kitandani kwake. Wanaokitetea wana hoja nzito: mtu mzima mwenye presha, anayekoroma kwa nguvu na kusinzia mchana, akisubirishwa zamu ya maabara anaweza kusinzia akiwa kwenye usukani. Hapo niko upande wao kabisa.

Tatizo huja kifaa kinaposema huna kitu. Vingi havisomi ubongo, hivyo havijui kama umelala au umekodoa macho gizani. Chukua mtu aliyepata matukio 24 katika saa 4 za usingizi: ni 6 kwa saa. Kifaa kilichorekodi saa 6 kitagawa kwa 6 na kutoa 4, naye atarudishwa nyumbani kama mzima. Wanaoumia zaidi ni wale ambao usingizi wao wenyewe ni wa shida, wakiwemo wanawake wengi, ambao mara nyingi hulalamikia uchovu, kukosa usingizi na kichwa kuuma asubuhi kuliko kukoroma. Ni rahisi mno kuwaambia wana mawazo tu.

Kwa hiyo jibu la "huna" kutoka nyumbani, dalili zikiwa bado zipo, lipelekwe maabara. Na anayelala peke yake aache simu ikirekodi sauti usiku. Haithibitishi ugonjwa, lakini ule ukimya katikati ya mikoromo daktari akiusikia ataujua.