Mila Yenye Namba ya Tangazo la Serikali

Arobaini ya jirani yetu hapa Isevya, mjini Tabora, ilisomwa vizuri, watu wakala, na baada ya dua ukoo ukakaa kikao. Sisi wanawake wa mtaani tuliobaki nyuma kuosha masufuria tulisikia kila kitu, maana hawakuona sababu ya kushusha sauti. Mjane ameishi na marehemu tangu ujanani. Shamba la tumbaku la Uyui wamelifyeka pamoja. Kuchuma majani, kuyatunga kwenye vijiti, kukesha na moto wa bani la kukaushia, kuchambua madaraja, zote hizo zilikuwa kazi zake. Jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika lilikuwa la mume, na hela ikitoka ilitoka kwa jina hilo. Sasa akaambiwa nyumba na shamba vinarudi kwenye ukoo, na yeye atatunzwa na wanawe.

Shangazi mmoja wa marehemu akauliza, "Jamani, na huyu mwenzetu aliyelima?" Kijana wa ukoo, msomi wa chuo kikuu, akamjibu: "Shangazi, hiyo ndiyo mila ya Wanyamwezi. Hayo mengine ni nadharia za wanawake wa Kizungu." Shangazi akanyamaza. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi, wala si mtu wa ukoo ule, nikanyamaza pia. Hapa sinyamazi.

Kijana ametaja nadharia, basi tuzungumze nadharia. Na tuanze na hiyo mila.

Alichokitamka kimeandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, sehemu ya mirathi, kanuni ya 27. Inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ukiendelea kusoma utakuta warithi wamepangwa kwa daraja tatu: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine daraja la pili, mabinti daraja la tatu. Haya hayakushuka na mvua pale Itetemia, kwenye makao ya watemi wetu. Yaliandikwa, yakasainiwa, yakachapwa, yakapewa namba.

Waliyaandikaje? Kulikuwa na mtu anaitwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kuwa mwanasosholojia wake. Alizunguka Usukumani, Uhayani na Unyamwezini, akakaa na watemi na wazee na kuwauliza sheria zao. Alikuwa mchapakazi, simnyimi sifa hiyo, na karatasi zake zimehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uhuru ulipopatikana, serikali ikataka makabila yanayofuata upande wa baba yawe na sheria moja ya mila iliyoandikwa. Kazi ya Cory ndiyo ikawa msingi, wilaya baada ya wilaya. Lakini walioulizwa ni akina nani? Mtemi. Mzee wa baraza. Mtu mwenye ng'ombe za kulipa mahari na mwenye mabinti wa kupokelea mahari. Mwanamume akiulizwa na serikali, tena mbele ya wanaume wenzake, nani arithi, nani anategemea jibu litakalomkumbuka mjane?

Nyakanga wa wakati ule hakuulizwa. Mkunga hakuulizwa. Mjane hakuulizwa. Jibu la upande mmoja likawa sheria ya wote, na sasa linasomwa kwenye arobaini kana kwamba mababu wote na mabibi wote walikaa wakakubaliana.

Swali la nani aliulizwa ndilo ambalo wanazuoni wanawake wamelifanyia kazi miaka yote hii, na ndilo linalowaudhi watu. Mwaka 1988 Marjorie Mbilinyi alichapisha utafiti kuhusu wake waliokimbia waume zao wilayani Rungwe kati ya 1919 na 1961. Alirudi kwenye majalada ya wakoloni. Akakuta wanawake wanaoondoka kwenye ndoa wasizozitaka, na akakuta watawala wa jadi na mabwana wa Kiingereza wakisaidiana kuwarudisha, kwa sababu mfumo mzima wa vibarua na mashamba ulihitaji mwanamke abaki nyumbani alime. Kilichoitwa mila katika mahakama zile kilikuwa kinafinyangwa mlemle, kesi kwa kesi, na wanawake walikuwa wanakipinga kwa miguu yao. Mbilinyi alizaliwa Marekani, ni kweli, na ni Mtanzania tangu miaka ya sitini. Lakini wanawake waliokimbia walikuwa wa Rungwe. Hakuna Mzungu aliyewafundisha kukimbia.

Na turudi Unyamwezini, maana kijana alilitaja kabila. Katika tawala nyingi za Wanyamwezi utemi ulipita kwa mtoto wa dada, yaani kwa damu ya mwanamke. Ndoa isiyotolewa mahari iliwahesabu watoto kuwa wa upande wa mama. Baada ya mtemi Isike kujilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 alipozidiwa na Wajerumani, kiti chake cha Unyanyembe, hapa Tabora, kilikaliwa na mwanamke, Nyaso. Najua nitaambiwa Wajerumani walimkubali kwa hesabu zao wenyewe, na ndivyo ilivyokuwa. Najua pia utemi wa damu ya mama haukumfanya mke wa kawaida kuwa na shamba lake. Sisemi zamani ilikuwa pepo ya wanawake. Ninachosema ni kwamba zamani ilikuwa na njia nyingi, na kanuni za 1963 zikachukua moja.

Tena ukoo wenyewe ni wa Kiislamu. Dua tumesoma, hitima tumesoma. Kurani inampa mjane thumuni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Ilipofika mirathi dini ikawekwa pembeni ghafla, wakaikumbuka mila, kwa sababu mila iliyochapwa inampa sifuri. Hili limenichoma kuliko yote. Watu wanaosali safu moja wamekubali kumnyima mwanamke hata kile ambacho dini yao imekitaja kwa sehemu kamili.

Kuna ukweli kidogo katika maneno ya kijana, na nausema kwa shingo upande. Wako wasomi wa Magharibi walioandika juu ya mwanamke wa Afrika kama kiumbe kimoja kisicho na akili ya kujitetea. Lakini waliosimama kuwakosoa ni nani? Chandra Mohanty wa India, katikati ya miaka ya themanini. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria, mwaka 1997, aliyebishana hata na wazo kwamba Wayoruba wa kale waligawanya jamii kwa kuangalia mwanamke na mwanamume kama Ulaya. Ugomvi huo ni wa wanazuoni wanawake wenyewe. Mwanamume wa Isevya hawezi kuuazima ugomvi huo ili achukue nyumba ya shemeji yake.

Na kama ni suala la nani mgeni na nani mwenyeji, Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru, alikuwa nani? Katika kitabu kuhusu wanawake wa TANU kilichotoka mwaka 1997, Susan Geiger alionyesha jinsi wanawake wa vikundi vya ngoma, wengi wao Waislamu wasiokuwa na shule, walivyokijenga chama tangu 1955. Sisi Tabora tunafundishwa mkutano wa TANU wa Januari 1958 na uamuzi wa busara wa kuingia kwenye uchaguzi wa wakoloni, na tunajivunia kwa haki kabisa. Nani alipikia mkutano ule? Nani aliuza kadi Ng'ambo na Gongoni? Geiger aliwahoji akina mama wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Bibi zetu wa hapa wengi wameshazikwa na habari zao.

Sheria nayo haijakaa kimya, ingawa inakwenda kwa kusitasita. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakuondoka na kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kijijini, na hilo shamba la Uyui liko kijijini. Lakini wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walipoipeleka kanuni ile ya mjane Mahakama Kuu, waliambiwa mwaka 2006 kwamba ni kweli inabagua, ila mila haifutwi kwa hukumu ya mahakama. Rufaa yao ikatupwa 2010 kwa kasoro ya karatasi. Machi 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imewakosea. Wanawake wale walianza wakiwa wajane vijana. Hesabu mwenyewe miaka.

Eti mila haifutwi na mahakama. Sawa. Basi ibadilishwe na walioitangaza. Njia ipo: halmashauri ya wilaya inakaa, inapendekeza marekebisho ya sheria yake ya mila, waziri anayatangaza. Madiwani wetu wa Tabora na Uyui wanaweza kulileta jambo hili barazani bila kusubiri Dodoma. Waiteni wazee, hakuna anayekataa wazee. Waiteni na mashangazi. Waiteni makungwi, wajane, wake wa wakulima wa tumbaku wasio na majina kwenye madaftari. Waulizeni kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, muandike majibu yao, kisha myapeleke kwa waziri yakiwa na sahihi na dole gumba la kila aliyesema.

Mjane wa jirani yetu amepewa mpaka mwisho wa msimu kuhama. Tumeshamwambia asisaini karatasi yoyote, na Jumatatu tunakwenda naye mahakama ya mwanzo kuuliza ombi la usimamizi wa mirathi linafunguliwaje. Shangazi naye amesema anakuja.